Kabla ya kuchoma diski hamsini

Ukitaka kujua kama vikundi vya kujitolea viendelee kugawa programu huria kwa diski, anza na kompyuta yenyewe. Ingia maabara ya shule ya sekondari Siaya, Vihiga au Njoro, ubonyeze kitufe cha draivu ya DVD kwenye kila mashine. Hesabu zinazofunguka, kisha weka diski uhesabu zinazosoma. Hizo ni hesabu mbili, na ya pili huwa ndogo kuliko ya kwanza. Kwetu sisi tunaozigawa kutoka Kisumu na Nakuru, hesabu hiyo ya pili ndiyo inayoamua.

Kompyuta nyingi za maabara hizi ni ex-UK, mitumba ya maofisi ya ng'ambo: HP na Dell za mezani ambazo zilitoka kiwandani zikiwa na draivu. Laptopu za siku hizi hazina, na vishikwambi ambavyo serikali iligawia shule za msingi kuanzia 2016 havina pia. Lakini kuna sababu nyingine ya draivu kuendelea kuishi huku, ambayo mtu wa mbali hawezi kuiwaza. Karatasi ya pili ya somo la Kompyuta katika KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya), ile ya vitendo, kwa miaka mingi imemtaka mtahiniwa ahifadhi majibu yake kwenye CD na kuikabidhi pamoja na kurasa alizochapisha. Kwa hiyo shule inayofundisha somo hilo hutunza draivu kadhaa zinazochoma vizuri, na mwalimu wake anajua kuchoma. KCSE ya mwisho ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 ni ya 2027. Mtihani huo ukipita, sababu ya kuzitunza itakwisha, na zitakufa moja moja bila mtu wa kuzibadilisha.

Msimamo wetu basi ni huu: tusimgawie diski kila anayenyoosha mkono. Tuchome chache, kwa mashine tulizozikagua kwa macho, na tuchome kwa uangalifu kuliko tulivyokuwa tukichoma zilipokuwa nyingi.

Mazoea ya kugawa kwa wingi yalikuwa na maana wakati wake. Ubuntu, mfumo huria wa kuendesha kompyuta wa familia ya Linux ulioanza 2004, ilikuwa ikituma CD bure kwa posta hadi kwa mtu yeyote duniani aliyeomba, na mpango huo ulifungwa Aprili 2011. Mfumo mzima ulienea kwenye CD ya MB 700. Nasi Kenya hatukuwa na kebo ya baharini hadi SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti ilipitia setilaiti, na bahasha ya posta ilikuwa njia ya haraka kweli kuliko kupakua.

Leo ukubwa umebadilika kuliko draivu. DVD ya kawaida inabeba GB 4.7. Faili la Ubuntu 24.04 limepita GB 5, kwa hiyo hilo limejitoa lenyewe. Zipo diski za tabaka mbili za GB 8.5, lakini draivu zilizochoka huzikataa mara kwa mara, na hatuzipendekezi kwa yeyote. Linux Mint 22 yenye Cinnamon iko karibu GB 3 na inaenea vizuri. Debian hutoa DVD ya kwanza, inayoitwa DVD-1, ambayo ina dawati kamili (skrini yenye madirisha na aikoni) na inaweza kuwekwa bila intaneti hata kidogo. Hiyo ndiyo tunayochagua kwa shule isiyo na mtandao. Msichanganye DVD-1 na faili dogo la netinst la MB mia kadhaa. Netinst ni mlango tu. Nyumba yenyewe huletwa na intaneti. Ukiipeleka Mbita au Cheptais kwenye maabara isiyo na mtandao, utamaliza kazi ukiwa na skrini nyeusi yenye maandishi, bila dawati, bila LibreOffice ya kuandikia barua na majedwali, na mwalimu ataamini kwamba Linux ni hivyo.

Angalia pia umri wa kichakataji. Laptopu ndogo za Atom N270 na Pentium 4 nyingi ni za biti 32. Debian 12 ya Juni 2023 bado ilikuwa na diski ya kuweka kwenye mashine hizo; Debian 13 ya Agosti 2025 haina. Ukiwa na mashine ya Linux, andika `lscpu` utazame mstari wa CPU op-mode(s). Ukiona hauna neno la 64, tafuta Debian 12.

Na maombi hayajapungua. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za ex-UK hazikubaliki kwa Windows 11. Shule inaulizia njia nyingine, na inauliza sasa.

Watu hutetea diski kwa kusema bando ni ghali. Ni kweli, lakini hiyo si hoja ya diski, kwa sababu flashi nayo haihitaji bando. Nguvu ya diski iko kwingine. Kwanza, haiandikiki tena. DVD-R iliyofungwa haiwezi kubeba virusi kutoka saiba ya Kondele hadi maabara ya Bondo, hata ipite kwenye mashine mia. Flashi hubeba. Kila fundi anaujua ugonjwa ule wa faili zote kufichwa na kugeuka njia za mkato. Pili, diski haiibiwi matumizi. Flashi iliyoachwa shuleni ni mali ya kila mtu: ndani ya muhula mmoja itakuwa imefutwa na kujazwa maswali ya mitihani au nyimbo. Diski hubaki kwenye droo ya mwalimu, na siku mashine ikiharibika inatolewa.

Lakini kukaa droo pia ndiko kasoro yake. Toleo la miaka mitano iliyopita linakaa humo likisubiri mtu asiyejua, aliweke, aunganishe mtandao. Kwa hiyo kila diski yetu huandikwa tarehe mbili, mwezi na mwaka: ilipochomwa, na mwisho wa kutumika. Linux Mint 22, kwa mfano, ina masasisho hadi 2029.

Sasa kuchoma kwenyewe, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika.

Pakua faili mara moja tu, mahali penye mtandao usiokatika, na pamoja nalo pakua orodha ya SHA256 (namba ya utambulisho inayobadilika faili likibadilika hata kidogo) na sahihi yake ya GPG (saini ya kidijitali ya watengenezaji). Endesha `sha256sum` kwenye faili ulinganishe na orodha. Watu huishia hapo. Usiishie hapo. Tarehe 20 Februari 2016 wavamizi waliingia tovuti ya Linux Mint na kuelekeza wapakuaji kwenye faili lenye mlango wa nyuma. Anayeweza kubadilisha faili kwenye tovuti anaweza kubadilisha na orodha iliyo kando yake. Asichoweza ni kutia sahihi kwa ufunguo asio nao. Kwa hiyo hakiki sahihi kwa `gpg --verify`, na ufunguo uupate kwa njia nyingine. Ukigawa nakala moja mbaya kwa shule ishirini, umeeneza ubaya mara ishirini kwa jina la kujitolea.

Nunua DVD-R. Draivu kongwe huzisoma kwa urahisi zaidi. Usitumie zile za kufutika na kuandika tena, kwa sababu hurudisha mwanga hafifu na jicho la leza lililochoka halizioni. Choma kwa mwendo wa 8x. Diski iliyotengenezwa kwa 16x haiwi bora zaidi kwa kuchomwa polepole kupita kiasi, na ikichomwa kwa 16x kamili kingo zake ndizo hukataa kusomeka kwanza. Tumia laptopu yenye betri nzima. Stima ikikatika katikati ya kuchoma kwenye mashine ya mezani, diski hiyo imekwenda, hairekebishiki. Draivu ya nje ya USB wakati mwingine hushindwa si kwa ubovu bali kwa njaa: bandari ya USB 2.0 hutoa miliampia 500 tu, na leza ya kuchoma huhitaji zaidi. Tumia kebo yenye vichwa viwili, au bandari ya nyuma ya mashine ya mezani.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kunakili faili la ISO (taswira ya diski nzima) ndani ya diski kana kwamba ni wimbo. Fungua diski uliyochoma: ukiona faili moja tu linaloishia na .iso, haitawasha mashine yoyote. Chagua amri ya kuchoma taswira katika Xfburn, Brasero au K3b. Ukipenda terminali, `growisofs -dvd-compat -Z /dev/sr0=faili.iso` inatosha na huifunga diski.

Kisha soma diski uihakiki, na hapa kuna mtego mdogo unaowachanganya hata wazoefu. Ukisoma `/dev/sr0` yote na kuipitisha kwenye sha256sum, mara nyingi namba itakataa hata kama diski ni nzima, kwa sababu draivu husoma na vipande vya ziada mwishoni. Soma idadi kamili ya vipande. Kipande kimoja ni baiti 2048. Tuseme faili ni baiti 2,926,592,000. Gawanya kwa 2048, unapata 1,429,000. Basi andika `dd if=/dev/sr0 bs=2048 count=1429000 | sha256sum`. Sasa namba ikikataa, diski ni mbovu kweli.

Andika juu ya diski kwa kalamu laini ya diski, usitumie kalamu ya bairo. Kwenye CD tabaka linalorudisha mwanga liko chini ya rangi ya juu tu, na ncha ngumu hulitoboa. Mkwaruzo wa upande wa maandishi huiua CD haraka kuliko wa upande wa chini. DVD imelibana tabaka hilo katikati ya plastiki mbili, ina nafuu. Stika usibandike kabisa, kwani hufanya diski iyumbe ikizunguka kwa kasi, na gundi yake huachia kwenye joto. Usiziache kwenye dashibodi ya matatu. Wino unaochomwa na leza huharibiwa na jua, na safari ya adhuhuri kutoka Kisumu hadi Busia yatosha kwa diski rahisi. Nakuru tatizo ni vumbi: draivu inayosoma diski ya dukani lakini inakataa ya kuchomwa huwa ina jicho chafu. Pamba yenye spiriti kidogo, mguso mwepesi, iache ikauke.

Piga hesabu ya muda kabla ya kuahidi. DVD kwa 8x ni MB 11 kwa sekunde. Diski iliyojaa huchukua dakika 8 hadi 10 kuchoma, na karibu hivyo tena kuhakiki. Diski hamsini kwa draivu moja ni saa kumi na tatu hadi karibu kumi na saba za kukaa ukibadilisha. Saa hizo zingewafundisha walimu wangapi kutumia LibreOffice?

Kwa hiyo kazi kubwa tumeihamishia kwenye flashi, na flashi ina matatizo yake.

La kwanza ni flashi za uongo. Inauzwa ikisema GB 64, ndani ina GB 8. Inakubali kuandikwa mpaka mwisho bila lalamiko lolote, kisha faili zilizozidi uwezo wake zinasomeka takataka. Pima kila flashi mpya kwa programu ya F3, yaani `f3write` kisha `f3read` kabla hujaiamini. La pili ni FAT32, ambayo haikubali faili moja linalozidi GB 4. Ujumbe unaotokea wakati mwingine husema nafasi haitoshi hata flashi ikiwa tupu, na watu huirudisha dukani bure. Ibadilishe iwe exFAT.

La tatu ndilo hufanya flashi zetu zifutwe, nasi tulikuwa tukidhani ni uzembe wa watu. Ukiandika ISO kwenye flashi kwa `dd`, kompyuta ya Windows haielewi inachokiona. Inamwambia mwalimu diski haijaandaliwa, inamuuliza kama aiandae. Mwalimu anakubali, kama ambavyo mtu yeyote angekubali. Dawa yake ni Ventoy. Unaiweka kwenye flashi mara moja, kisha unanakili faili za ISO kama faili nyingine yoyote, na wakati wa kuwasha unachagua kwenye orodha. Flashi inaonekana kawaida kwenye Windows, mwalimu anaweka na faili zake humo, na mfumo unabaki. Flashi ya GB 32 inabeba Mint, Debian DVD-1 na Debian 12 ya biti 32 pamoja, nafasi ikabaki. Mashine yenye ulinzi wa Secure Boot itakutaka ukubali ufunguo wa Ventoy mara ya kwanza. Onyesha hatua hiyo kwenye karatasi.

Ukilazimika kutumia dd, endesha `lsblk` kwanza usome jina na ukubwa wa kila diski. Herufi moja ikikosewa, unafuta diski kuu ya shule, pamoja na alama za wanafunzi.

Kuna mashine chache ambazo BIOS yake (programu ya ndani inayoiwasha mashine) haijui kuwaka kwa USB. Hizo ndizo wateja halali wa CD, na hata hapo si lazima uchome mfumo mzima: choma CD ndogo ya Plop, programu ya kuanzishia mashine, iwashe mashine, nayo iikabidhi kwa flashi.

Tuliyochelewa kuyaona ni kwamba kuweka mfumo ndiyo sehemu rahisi. Shida huja wiki ya tatu, mwalimu anapotaka programu ambayo haimo kwenye diski, au mashine ishirini zinapoanza kuvuta masasisho kwa simu moja ya hotspoti. Mashine moja ya maabara igeuze seva kwa kuweka `apt-cacher-ng`, kisha kwenye nyingine andika katika `/etc/apt/apt.conf.d/` mstari mmoja unaoelekeza kwenye anwani ya seva, bandari 3142. Mashine ya kwanza inapakua, nyingine kumi na tisa zinachukua nakala. Masasisho ya MB 500 yanabaki karibu MB 500 badala ya GB 10. Hakikisha anwani za ghala zinaanza na http, kwa sababu zile za https hazihifadhiwi bila mpangilio wa ziada. Usalama haupungui, apt (chombo cha Debian na Mint cha kuweka programu) huhakiki sahihi ya ghala yenyewe.

Pasipo mtandao kabisa, tumia `apt-offline`. Kwenye mashine ya shule inatengeneza faili dogo la mahitaji. Unalibeba hadi mjini, unapakua, unarudi nalo. Na maudhui kama Wikipedia ya Kiwix, ya kusoma bila intaneti, usiyafikirie kwa diski. Ile ya Kiingereza yenye picha ni kama GB 100, yaani zaidi ya DVD ishirini. Hiyo ni kazi ya diski kuu ya nje.

Jambo moja la kisheria ambalo vikundi vingi havilijui. Ukimkabidhi mtu diski au flashi yenye programu za leseni ya GPL, wewe ni msambazaji, hata kama hukulipwa. GPL ya pili, ya 1991, inakutaka utoe na msimbo wa asili, au ahadi ya maandishi ya kuutoa, inayodumu angalau miaka mitatu. Kwetu njia iliyo safi ni kuweka diski kuu moja yenye msimbo wa toleo tunalogawa, na kuandika kwenye karatasi ya kila diski kwamba anayeutaka atanakiliwa kwa gharama ya kunakili tu. Hajaja mtu kuuomba. Tunauweka hata hivyo, maana uhuru huo ndio tunaougawa.

Karatasi yenyewe iwe ya Kiswahili, upande mmoja. Iandike kitufe cha kuchagua pa kuwashia: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, Esc au F9 kwa HP. Iandike herufi nane za kwanza za SHA256, tarehe mbili tulizotaja, na kwa herufi kubwa: NAKILI FAILI ZAKO KWANZA. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, kwa hiyo msamiati wa kueleza mambo haya kwa lugha yetu si mgeni. Karatasi ya Kiingereza husomwa na fundi. Ya Kiswahili husomwa na mwalimu wa zamu, naye ndiye atakayekuwepo mashine ikizima.

Kwa maabara ya mashine ishirini, tunapeleka DVD mbili zilizohakikiwa za toleo lile lile, flashi mbili za Ventoy, na CD ya Plop ikiwa tumeona mashine inayoihitaji. Diski moja hubaki kwa mwalimu, nyingine kwa ofisi. Tukirudi muhula unaofuata tunachukua zile zilizopita tarehe na kuzikata.

Draivu zilizokataa kusoma hata baada ya kusafishwa, usiziache zikining'inia. Zima mashine, chomoa kebo yake ya data na ya stima. BIOS itaacha kuisubiri na mashine itawaka haraka zaidi. Na ile nafasi ya SATA iliyobaki wazi ndiyo ya kutia SSD (diski kuu ya kasi isiyozunguka), hata ndogo ya GB 120, na kuweka mfumo humo.